Jicho la Nne

Tangu asubuhi jicho la nne lilikuwa linapiga kelele, na Mwalimu Theodora hakuwa amelitolea hata neno moja la hasira.

Hilo ndilo lililomshangaza Batuli. Yeye mwenyewe cherehani ikimkatia uzi mara mbili mfululizo huitukana mpaka Tunu, mwanawe, anaangua kicheko mgongoni. Lakini Mwalimu alikaa tu mbele ya kompyuta, kidevu mkononi, akizitazama tarakimu zinavyopanda, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa aeleze panapomuuma.

Macho yenyewe yalikuwa manne. Jina la kitabuni ni fotomaltiplaya: chupa ya kioo yenye kichwa cha mviringo, kubwa kama kibuyu cha maziwa, isiyo hata na hewa ndani. Mwanga uwe mdogo namna gani, ukiigusa tu, chupa inaukuza mpaka uwe mshtuko wa umeme unaohesabika. Kila jicho lingewekwa kwenye tangi lake la maji, nje ya mji upande wa Kipalapala, lingoje humo gizani. Maana kuna chembe zinatunyeshea kutoka angani usiku na mchana, na zikipita ndani ya maji huacha mmweko hafifu wa buluu. Binadamu hauoni. Jicho linauona.

Hayo Batuli aliyajua darasani. Jioni, akishafunga kibanda chake cha ushonaji pale Isevya, alikuwa akimbeba Tunu na kwenda kwenye darasa la watu wazima kujiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne. Fizikia aliwafundisha Theodora, binti wa wafugaji wa Nzega, ambaye mchana alikuwa mtafiti na jioni alishika chaki kwa kupenda tu. Ndiye aliyempa Batuli kazi ya kushona mifuko minne ya kitambaa cheusi kizito, tabaka mbili, ya kuyafunika macho hayo.

“Nishonee kama unamshonea mwanao nguo ya Idi,” alimwambia. “Mwanga usipate pa kuchungulia.”

Naye alishona hivyo hivyo. Na leo alikuwa amekuja pale chuoni Ipuli kuiona mifuko yake ikifanya kazi, akakuta nyuso za msibani. Wenye mradi walikuwa wamesema wazi: gari linakuja kesho Ijumaa. Macho yote manne yakiwa yamepita kipimo, matangi yanabaki Tabora. La sivyo yanapakiwa, yanapelekwa mji mwingine, na Mwalimu anafuatana nayo. Jicho la akiba halikuwepo. Na darasa la jioni, bila Mwalimu, nani angelishika?

“Mwalimu, hili bovu,” alisema Sixbert, fundi wa maabara, kijana wa Igunga asiyeweza kukaa kimya. “Tulizike tu. Mama Tunu yupo, atasoma dua, mimi nasali rozari, limekwenda na heshima zake.”

“Unazika mtu hujampima hata homa?”

“Nimempima! Anaweweseka huyo.”

Mwalimu akatabasamu, akamgeukia Batuli. “Jicho lolote, hata ukiliweka gizani kabisa, hunong'ona lenyewe. Hiyo kawaida. Tunasikiliza kwanza mnong'ono wake. Halafu tunaliwashia kitaa kidogo mno, mmweko mmoja mmoja, na tunapandisha umeme taratibu mpaka macho yote yajibu kwa sauti moja. Bila hivyo, chembe ile ile jicho hili litaiita tembo na lile litaiita sisimizi.”

“Na hili la nne?”

“Hili halinong'oni. Linafoka.”

Batuli alisogea na Tunu dirishani, akimbembeleza. Madirisha yalikuwa wazi makusudi. Matangi yangekaa juani, kwa hiyo mifuko nayo ilipaswa kupimwa juani. Nje wingu lilipita, chumba kikafifia kidogo, kisha jua likarudi.

“Sixbert,” Mwalimu aliita polepole. “Umeona?”

“Nimeona nini?”

“Wingu limepita, kelele zimeshuka. Jua limerudi, zimepanda. Sasa niambie, chupa mbovu inajuaje habari za wingu?”

Sixbert akachukua gundi. “Basi mwanga unapenya. Tulipake lote, tumalize.”

“Tukipaka kabla ya kujua, tumebahatisha. Zima umeme kwanza. Jicho lenye umeme likifunuliwa mwangani linakufa hapo hapo. Tunabadilisha mifuko: wa jicho la kwanza uende la nne, wa la nne uende la kwanza.”

Wakafunga mbao za madirisha, wakawasha tochi ndogo nyekundu. Batuli aliketi kwenye kiti gizani akimnyonyesha Tunu, akiisikia mikono ya Mwalimu ikifungua na kufunga bila pupa, kama inavisha kichanga. Walipomaliza Mwalimu akasema macho yapumzike kwanza, hata macho huchoka. Wakayangoja. Ndipo wakarudisha umeme na kufungua madirisha.

Jicho la nne likanong'ona kwa adabu. La kwanza, lililokuwa limetulia tangu jana, likaanza kufoka.

“Chupa haina kosa,” alisema Mwalimu.

Batuli aliinuka kitini. Kumbe ni mfuko. Mfuko wake.

Wakazima umeme tena, wakauvua mfuko gizani, wakalifunika jicho na kufungua madirisha. Batuli aliuchukua, akaupekua mshono kwa mshono. Mishono ilikuwa mizima. Akauinua dirishani, na hapo, mbali na mshono wowote, akaona nukta moja ya mwanga, ndogo kama nyota ya alfajiri. Akaigusa. Kingo zake zilikuwa ngumu, zimejikunja kwa moto. Akaunusa mfuko, akajua.

Nyumbani kwao nguo mpya haitoki mlangoni bila kufukizwa. Mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa ametandaza mifuko juu ya tenga, chetezo chini, mkaa ukaruka, cheche ikatua. Waliipangusa wakicheka.

“Mwalimu, ni sisi,” alisema. “Mama aliifukiza udi. Cheche imetoboa tabaka zote mbili.”

Sixbert akajishika kichwa. “Yaani macho ya sayansi yamefukizwa kama bibi harusi!”

Mwalimu akauchukua mfuko, akauvuta puani, akacheka mpaka akavua miwani. “Na mimi tangu jana najiuliza mbona nanukia harusi! Usijali, mama Tunu. Mishono yako yote imezuia jua la Tabora. Hiki ni kitundu tu. Tushukuru kimejionyesha hapa. Huko kwenye tangi tungekitafuta mwaka mzima.”

Batuli alikata kiraka, akakishona kwa mkono, na Sixbert akapaka gundi nyeusi juu ya kila tundu la sindano. Gizani tena, jicho la kwanza likavishwa mfuko wake wa zamani, la nne wenye kiraka, ndipo umeme ukarudi na madirisha yakafunguliwa. Jua lilikuwa kali dirishani. Jicho la nne likanong'ona, wala halikufoka. Kitaa kikamweka, umeme ukapanda kidogo kidogo, hadi jibu lake likalingana na la wenzake.

“Limepita,” alisema Mwalimu. “Yote manne. Tunabaki.”

Alizima kitaa, akaliacha jicho lijisikilizie lenyewe. Baada ya muda mstari kwenye kompyuta ukaruka juu.

“Hiyo ni chembe kutoka angani,” alisema Mwalimu. “ Imepita kwenye kioo chake.”

“Imepita na kwenye paa?”

“Paa, sisi, Tunu, sakafu. Imeshaondoka.”

“Haimuumizi?”

“Zinampita tangu azaliwe, na ona alivyonona.”

Batuli alimtazama mwanawe, amelala kinywa wazi. Mji huu ulishazoea wapita njia. Misafara ya Ujiji na ya pwani ilipumzika hapa vizazi na vizazi. Lakini wageni kama hawa, wanaopita bila hata kubisha hodi, hakuna aliyewahi kuwahesabu.

“Jumatatu darasa liko palepale,” alisema Mwalimu. “Uje na kitambaa kingine chenye tundu, wenzako wajifunze. Na Bi Mwanajuma mpe salamu zangu, ila chetezo akae nacho mbali na vitu vyangu.”

“Nitamwambia,” alisema Batuli akijifunga mtoto mgongoni. “Ila akisikia yanabaki, Mwalimu, huyo atataka kuyafukiza na matangi.”