Siku Helikopta Ilipotua Katikati ya Mechi

Robi Masatu alikuwa na leseni mpya, miwani mipya ya jua, na tabia moja iliyowachosha wote waliomwona kazini: hakuingia kwenye helikopta kabla hajaizunguka na kuigusa. Hakuridhika kuitazama. Alipitisha kiganja kwenye mapanga yake ya juu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo na kuyainua juani aone kama yameingiwa na maji, kisha akavuta kwa nguvu kila kifuniko alichokwisha kukifunga mwenyewe. Ugonjwa huo aliambukizwa na Kapteni Abednego, rubani mzee aliyemfundisha.

"Macho yanazoeaga," Kapteni alikuwa akimwambia. "Ukishaizoea mashine unaona kile unachotegemea kuona. Kwa hiyo gusa. Na mtu akikuongelesha katikati, anza upya."

Jumamosi hiyo, kwenye uwanja wa ndege wa Musoma, Robi alianza upya mara mbili. Mara ya kwanza mama yake alimpigia kutoka Bweri, kuuliza kama amekula. Mara ya pili alipiga Kapteni mwenyewe.

"Leo una harusi, binti yangu," Kapteni alisema. "Sikiliza. Mtalii ukimwambia hapana anakasirika. Bwana harusi ukimwambia hapana, analia. Usikubali machozi yaendeshe helikopta."

"Sawa, Kapteni."

"Umefika wapi na ukaguzi?"

"Nilikuwa kwenye mkia. Sasa naanza tena."

Kapteni akacheka, akakata simu.

Bwana harusi aliitwa Chrispin, muuza mabati na saruji wa Bunda. Alikuwa ameona kwenye simu video ya bwana harusi mmoja akishuka kutoka mawinguni, na tangu hapo hakulala vizuri. Alitaka kutua Butiama, nyumbani kwa mchumba wake Adventina, mbele ya wakwe, mapadri na maadui. Kamati ya harusi ilikuwa imechora duara la chokaa katikati ya maturubai ili ashukie hapo hapo kwenye zulia jekundu.

Robi alikwenda Butiama mapema wiki hiyo kuliona duara. Akalizunguka, akatazama maturubai, viti vya plastiki na meza ya keki.

"Nikitua hapa," aliwaambia kamati, "maturubai yatatangulia kufika Musoma. Keki itafuata."

Akachagua kiwanja ng'ambo ya barabara, mbali na hema, nguzo na kamba ya nguo. Kamati walinuna, wakachora duara jingine.

Alipotua Bunda kwenye uwanja wa shule, familia ya bwana harusi ilikuwa imejaa. Alizima injini, akasubiri mapanga yasimame kabisa, ndipo akashuka na kuwaeleza.

"Mnakuja kutoka mbele, mahali ninapowaona. Huko nyuma kwenye mkia hakuna mtu kwenda, hata kama umeangusha simu. Lile panga dogo likizunguka halionekani. Mkiniona nimekaa ndani, msisogee mpaka niwaite. Na kofia mnashika mkononi."

Kisha akatoa mizani ndogo ya kupimia watu na kuiweka juu ya ubao.

Chrispin akapanda, akashuka. Brian, msimamizi wake, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili, akapanda, na mshale ukakimbia kama umefukuzwa. Ikafika zamu ya shangazi wa bwana harusi, Eufrasia, aliyevaa kitenge cha dhahabu na kukumbatia kikapu kilichofunikwa.

"Mimi sipimwi," alisema. "Andika sitini."

"Shangazi, mimi naweza kuandika. Lakini helikopta haisomagi."

"Mara ya mwisho nilipimwaga kliniki, nina mimba ya huyu wa mwisho, naye sasa ana ndevu."

"Basi panda upate habari mpya."

Watu wakacheka, shangazi naye akacheka, akapanda. Hapo ndipo kikapu kikawika.

"Ni jogoo wa wakwe," Eufrasia alisema. "Amefungwa miguu."

"Akifunguka kule juu atakaa kwenye usukani wangu. Huyu anakwenda kwa gari."

Robi akajumlisha uzito, mafuta ya safari na mafuta ya akiba ambayo hakuwa tayari kuyapunguza. Hesabu ikakataa. Mtu mmoja abaki. Chrispin alisema punguza mafuta, ni mwendo mfupi. Robi akasema mafuta hayapungui. Wote wakamtazama Brian.

"Nilijua tu," Brian alisema. Akabeba jogoo, akaenda kupanda Noah pamoja na msafara uliokuwa unapita njia ya lami, kupitia Makutano.

Helikopta ikanyanyuka kidogo. Robi akaishikilia pale pale juu ya majani, akisikiliza injini na kutazama saa za vipimo mbele yake, akaridhika, ndipo akaipeleka juu. Eufrasia alifumba macho. Alipoyafumbua aliona mabati ya Bunda yanametameta, vilima vya Balili upande mmoja, na ziwa kwa mbali limelala kama shuka.

"Kumbe ndiyo hivi!" alipiga kelele kwenye kipaza sauti, ingawa walikuwa wanasikia hata akinong'ona. "Chrispin, ona ng'ombe! Wadogo kama kunguni!"

Kwa muda safari ilikuwa tamu. Kisha Robi akaona kwamba vilima vya mbele, upande wa Butiama, vilikuwa na miguu lakini havina vichwa. Wingu lilikuwa limekaa juu yake, jeusi chini, na pazia la mvua limeshuka mpaka ardhini. Akapunguza mwendo, akageuza kidogo ili atazame alikotoka. Balili nayo ilikuwa imemezwa. Mvua nyingine ilikuwa inatoka ziwani nyuma yao.

"Mbona tunapinda?" Chrispin aliuliza.

"Mbele kumefunga. Nyuma kunafunga. Natafuta pa kutua."

"Kutua? Rubani, nina harusi saa nane!"

"Najua, kaka."

"Ni kawingu tu! Pita chini yake. Padri anasubiri, watu wote wanasubiri. Mke wangu anasubiri!"

Ukweli ni kwamba Robi naye alitamani kupita. Palikuwa na mwanya kati ya vilima viwili, mweupe, na ungeweza kudhani upande wa pili kuna jua. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuanza kuelekea huko. Ilikuwa miezi michache tu tangu aanze kubeba watu, na mteja wake alikuwa karibu kulia, kama alivyoonywa. Halafu akakumbuka sauti ya Kapteni siku ya mafunzo, walipokuwa wamekaa chini wanakunywa chai: wingu linapokufanya uanze kujadiliana na nafsi yako, acha majadiliano, tafuta kiwanja.

"Shangazi," alisema, "kaza mkanda. Kaka, na wewe. Tunatua."

Chini yao palikuwa na uwanja mzuri wa mpira nje kidogo ya Nyamuswa. Shida ni kwamba ulikuwa unatumika. Wachezaji wenye jezi za njano na bluu walikuwa wamejipanga nje ya boksi, na watazamaji wamejaa pembeni. Kulikuwa na penalti.

Robi akauzunguka mara ya kwanza akiwa juu. Hakutafuta nyaya, maana nyaya hazionekani mpaka uwe umezifikia, alitafuta nguzo. Akaiona moja karibu na duka, nyingine nyuma ya miembe. Kati ya hizo lazima uko waya. Basi ataingia kutoka upande mwingine. Moshi wa jiko la mama mmoja ulimwonyesha upepo unakotoka. Akazunguka mara ya pili chini kidogo, ili watu waelewe kwamba hakuja kutazama mechi.

Walielewa. Wachezaji walitawanyika. Kipa wa bluu aliruka ukuta wa shule. Mpiga penalti peke yake, kijana aliyeitwa Nicolaus, alitazama juu, akatazama goli tupu, akapiga. Mpira ukaingia. Ndipo na yeye akakimbia.

Helikopta ilitua katikati ya uwanja, vumbi likapanda, na mwamuzi, Mwalimu Mashimba, akaenda mbele yake kwa hatua za hasira, akasimama mbali lakini mahali pa kuonekana, akatoa kadi nyekundu na kuinyoosha juu.

Mapanga yalikuwa bado yanazunguka. Chrispin alifungua mkanda, akashika mlango. Robi akamkamata koti.

"Kaa!"

"Tumeshatua!"

"Sisi tumetua. Mapanga bado."

Na watazamaji, baada ya kuona hawakufa, walikuwa wanarudi mbio kutoka pande zote, wengine wakielekea mkiani kabisa. Robi alimtazama mwamuzi kupitia kioo, akamwonyesha watu, akamwonyesha mkia, akapitisha kidole shingoni. Mwalimu Mashimba alielewa papo hapo. Akapuliza filimbi kwa pumzi ya miaka yote ya ualimu. Uwanja mzima ukasimama. Akaonyesha mstari wa pembeni, na hakuna aliyeuvuka mpaka injini ikazimwa, mapanga yakanyamaza na Robi akayafunga yasichezewe na upepo.

Mvua ikawakuta wakikimbilia baraza ya shule. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilikuja na mawe. Watu wa njano na watu wa bluu walibanana pamoja na bwana harusi mwenye suti nyeupe, wakibishana kama goli lile lilikuwa goli.

"Kipa hakuwepo!" bluu walisema.

"Kwani nani alimfukuza?" njano walijibu.

Chrispin hakuwasikia. Alimgeukia Robi. "Umeniharibia siku. Umesikia? Watu watanicheka mpaka nazeeka. Ungepita tu pale."

Robi alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. "Pole, kaka," alisema, na alimaanisha. Alijisikia mdogo, na kwa dakika chache aliwaza kwamba labda ni kweli, labda angepita.

Upepo ukabadilika. Bati moja la kibanda cha chipsi likang'oka, likapaa, likapita juu ya goli likizunguka, likatua shambani mbali kabisa. Chrispin, ambaye kila siku aliuza mabati, alilifuata kwa macho mpaka lilipopotea kwenye mihogo. Kule kwenye mwanya wa vilima palikuwa peusi tii, na radi zilikuwa zinagombana humo ndani.

Chrispin akamgeukia Mwalimu Mashimba.

"Hapa bodaboda zipo?"

Nicolaus mpiga penalti akanyoosha mkono. "Mimi ni boda. Lakini kwanza mwamuzi aseme. Goli au siyo goli?"

Mwalimu alimtazama bwana harusi, akalitazama anga. "Goli," alisema. "Mpeleke mtu kwenye ndoa yake."

Mvua ya mawe ilipokatika na kubaki manyunyu, Chrispin alikunja suruali, akavaa koti la mvua la mwalimu, akapanda pikipiki. Alipoitwa, shangazi Eufrasia alisema yeye na pikipiki walikosanaga zamani.

Basi Robi na shangazi walibaki, wakaletewa chai na mihogo ya kuchemsha, wakasubiri. Anga lilipofunguka na vilima kupata vichwa tena, Eufrasia alisimama. "Twende sasa."

"Bado, shangazi." Na Robi akaanza kuizunguka helikopta, akiigusa kila mahali, akitafuta mawe yalipopiga. Mwalimu Mashimba alitaka kumuuliza jambo, shangazi akamzuia. "Usimwongeleshe! Ataanza upya."

Walipofika juu ya Butiama ndoa ilikuwa imeshafungwa na watu wamekaa kwenye maturubai. Helikopta ilitua ng'ambo ya barabara, kwenye duara la pili. MC, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amejiandaa kutangaza bwana harusi akishuka kutoka angani, alimwona bwana harusi ameketi pale pale na tope mpaka magotini, akakosa la kusema, halafu akapata.

"Mabibi na mabwana! Kutoka mawinguni… shangazi wa bwana harusi!"

Vigelegele vilivyopigwa havijawahi kupigwa. Eufrasia alivuka barabara kwa mwendo wa malkia, kitenge kinang'aa, akipunga mkono kulia na kushoto. Brian, aliyewahi kwa njia ya lami, alimpokea.

Bibi harusi, Adventina, alimfuata Robi alipokuwa amesimama nyuma ya hema, bado anaogopa kuonekana.

"Nilikuwa dirishani kanisani naliona lile wingu," alisema. "Nikamwambia Mungu, kama yuko hewani, mshushe popote, hata kwenye zizi. Nilipomwona anashuka kwenye boda, na hilo tope, nilicheka mpaka wanja ukamwagika. Hebu angalia." Akaonyesha shavu. "Asante, dada."

Robi akampa leso ajifute, kisha akatoa simu. Akampigia Kapteni, akamweleza kila kitu, hata ule mwanya mweupe.

"Niliogopa bwana harusi kuliko wingu," alikiri.

"Wote tunaanzaga hivyo," Kapteni alisema. "Nenda ukale. Pilau ya harusi haisubiri rubani."

Pilau ilikuwa imekwisha. Alipata ugali, nyama ya kuchoma na bakuli la mtindi, akakaa meza moja na shangazi Eufrasia, aliyekuwa anasimulia kwa mara ya tatu. Sasa wingu lilikuwa na radi pande zote, bati lilikuwa paa zima, na aliyeona uwanja wa Nyamuswa alikuwa Eufrasia mwenyewe.

"Nikamwambia huyu mtoto, tua! Tua hapo hapo! Si ndivyo, rubani?"

Watu wote wakamgeukia Robi.

"Ndivyo, shangazi," alisema Robi, akaomba aongezewe mtindi.