Safu ya Kutoka

...na asinitingishie kichwa, nimemwambia mara ngapi, ukitingisha kichwa mstari unapinda, na ukipinda utasema mimi ndiye sijui kusuka, lakini wifi yangu huyu kichwa chake kinafuata mdomo, na mdomo haujapoa tangu aketi kwenye kigoda hiki saa nne asubuhi, sasa saa nane na bado nusu ya kichwa, upande mmoja amependeza kama bibi harusi, upande wa pili nywele zimesimama kama katoka kugombana sokoni, na akicheza atasafiri hivyo hivyo, maana vidole vyangu leo vina hasira, vinavuta, "Aa, wifi, taratibu, unaning'oa!", nakung'oa wapi, si umetaka mwenyewe misuko midogo ya kukaa miezi mitatu, wote sasa wanataka hiyo, zamani mtu anasuka Jumamosi, wiki mbili hazijaisha karudi, kafumua, kataka mtindo mwingine, kapiga domo hapa sebuleni mpaka mumewe kamfuata, leo kila anayeketi mbele ya magoti yangu anasema dada nibanie, midogo midogo, ikae, huko niendako simjui msusi... nimemsuka mke wa karani benki ilipofunga tawi, nimemsuka mwalimu wa darasa la tatu, nimemsuka muuza mikate na mabinti zake wawili siku moja mpaka vidole vikafa ganzi, wote wamenishukuru, wamejitazama kwenye kioo changu, wameondoka, na hakuna kichwa hata kimoja kilichorudi, kumbe nimeusuka mji mzima nikausindikiza kwa mikono yangu mwenyewe, na redioni wanasema uchumi wa kanda umeyumba, umeyumba, kana kwamba umelewa tu na kesho utaamka uoge, watu wameacha kujenga huku na nchi za jirani, nani anunue saruji, kiwanda kimezimwa mwezi wa pili, huu ni mwezi wa tisa, bomba la moshi lile pale dirishani halijatoa hata pumzi, na huyu anasema, "Unanisikia, wifi? Saluni ya viti vinne, nakwambia, vitatu vina wasusi, cha nne kitupu. Shoga yangu kasema njoo naye huyo wifi yako hata kesho," nakusikia, umelisema mara ya tano, viti vinne, maji ya bomba ndani, basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, tiketi umekata mbili, mbili, nani alikutuma ukate mbili, mimi nilikuambia naondoka? mimi nina mume, au mmesahau, mume wangu ni kaka yako, tumbo moja, halafu wewe ndiye wa kuniambia nimwache, duniani wapi wifi anamtorosha mke wa kaka yake, wenzako huwasema mawifi zao wakichelewa tu sokoni, wewe unanikatia tiketi... na eti mimi ni mwepesi kuhama, walishalisema wote, wewe huna mtoto wa kumhamisha shule, unangoja nini, kama vile mimi ni begi, mtu anashika mkono tu na kuinua, loo.

Lete kichwa huku, hivi, ulale hivyo hivyo... nachukua nywele bandia msumarini, nachambua kidogo, nagawa, natia mafuta, hili fundo la kwanza likikaa vizuri msuko wote unakaa, mikono inajua yenyewe, ni kichwa changu kisichojua, maana kuondoka nataka, acha niseme ukweli humu ndani ambamo hakuna anayenisikia, nataka mpaka naumwa, nimechoka kumwona mwanamume mzima anaamka saa kumi na moja anapiga pasi ovaroli, miezi saba, anapiga pasi na mikunjo ya mikono, anavaa, anabandika kitambulisho kifuani, fundi wa tanuri daraja la kwanza, anakwenda kuketi getini, kwenye benchi, na wenzake, tanuri lenyewe limepoa hata popo wamehamia, saa kumi alasiri zamu "ikiisha" anarudi, ananawa mikono, ananawa nini, kila Jumamosi nailoweka ile ovaroli, zamani maji yalitoka mazito kama uji, nikabadilisha mara nne, nikalalamika, nikasema saruji hii itatuua, sasa naloweka na maji yanatoka safi, safi kabisa, nikaketi siku moja uani kando ya beseni nikayatazama yale maji nikashikwa na hasira ambayo sijawahi kuiona, nikayamwaga yote ukutani, na yeye akatoka akauliza, kuna nini, nikasema hakuna kitu, beseni limeteleza, mimi na yeye ndivyo tulivyo siku hizi, kuna nini, hakuna kitu, umekula, nimekula... na lile daftari! Mungu wangu, lile daftari, nililiona kwa macho yangu siku aliyosahau miwani, nikampelekea getini, mlinzi kaliweka juu ya meza yake, kalamu kaifunga kwa uzi isiibwe, daftari la mahudhurio, namba, jina, saa ya kuingia, sahihi, saa ya kutoka, sahihi, na mume wangu yumo, kila siku, saa kumi na mbili na nusu, kwa mwandiko wake ule wa kulala, lakini safu ya kutoka nyeupe, nikafungua ukurasa wa nyuma, nyeupe, wa nyuma tena, nyeupe, tangu mwezi wa pili hakuna mwanamume hata mmoja aliyesaini kutoka, nikamuuliza mlinzi, hawa hawaendi makwao? akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Shemeji, kwa daftari hili wanaume mia moja na kumi wako ndani. Miezi saba hawajalala nyumbani. Muulize huyo bwana wako analala wapi!" benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, mume wangu hakucheka, njiani ndipo akanieleza kwa sauti ya chini kama anayetoa siri ya serikali, kwamba ukisaini kutoka kwa hiari yako wakati kiwanda kimefungwa, utahesabiwa umeacha kazi, wakifungua hawakuiti, wataita kwanza walio ndani, nikamuuliza nani kasema, akasema inajulikana, nani kasema? msimamizi? aa, msimamizi alishahama zamani na mbwa wake, barua ipo? barua haipo, inajulikana tu, mtu mmoja kalisema benchini asubuhi moja, wa pili kaliitikia, na kufikia alasiri likawa sheria, na wanaume wazima mia na kumi wakapita mbele ya kalamu vichwa chini wakaenda makwao kimyakimya bila kusaini, jamani, hata ujinga una kiasi chake.

"Nakwambia yule kaka yangu simwelewi," anasema, anatingisha tena kichwa, tulia, "mimi kantini nimepika miaka kumi na mbili, waliponiambia zima jiko nikazima, nikabeba sufuria zangu. Yeye anangoja kuambiwa na nani?" nisikujibu, nikikujibu nitasema maneno ya kunitoa kwenye ukoo wenu, nivute tu, nigawe, nivute... na ukweli mwingine, mashine yangu ya kukaushia nywele nimeshaifunga, haya, nimesema, nimeifunga kwenye shuka la zamani tangu mwezi uliopita nikaisukuma chini ya kitanda upande wangu, kwa ncha ya khanga nikakaza fundo, nikajiambia ni kwa sababu ya vumbi, vumbi la wapi, vumbi limekwisha mjini hapa, paa zinang'aa, majani ya miti tumeyaona rangi yake kwa mara ya kwanza, nimeifunga kwa sababu nataka kuondoka na sina ubavu wa kumwambia mtu anayepiga pasi... "Na usifikiri nimejipeleka mwenyewe," anasema wifi, sauti imeshuka, kichwa leo mara ya kwanza kimetulia, "mimi nisingethubutu. Ni yeye, kaka. Jumapili alikuja kwangu, kasimama mlangoni, hakutaka hata kuketi. Kasema mchukue. Kasema, mimi nikimwambia nitashindwa kumaliza maneno, wewe mwambie kama ni fikra yako. Tiketi ya pili kailipia yeye, wifi, mimi nimeibeba tu. Na akasema usijue, sasa nami nimeropoka, nisamehe"... nini? nini? mikono imesimama, matawi matatu ya nywele yako vidoleni, moja juu ya kidole cha shahada, mawili chini, na haiendi mbele wala hairudi, Jumapili, Jumapili alisema anakwenda kumwona mgonjwa, alirudi akala, akaniambia chumvi imekolea vizuri leo, chumvi! ameshanikatia tiketi, ameshaniweka ndani ya basi, ameketi mbele yangu anasifu chumvi, na Jumatatu kapiga pasi, na jana kapiga pasi, na leo asubuhi akasimama pale mlangoni muda mrefu kidogo, akaniangalia, nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu... ndiyo maana, ndiyo maana ya ule waya! Loo, ule waya, wiki iliyopita nilipofagia chini ya kitanda nilikuta ile ncha ya khanga haipo, mzigo wangu umefungwa kwa waya, waya ule wa kufungia wa kiwandani, umezungushwa mara tatu na ncha imekunjwa ndani isimchome mtu mkono, katika mji huu wote anayekunja ncha ya waya hivyo namjua mmoja, nimelala naye miaka kumi na moja, nikauona, nikaushika, nikajiambia labda nilifunga mimi nikasahau, mimi! mimi ambaye sijawahi kushika koleo, nikausukuma tena chini nikafunika kwa shuka, kwa sababu ningeuliza ingebidi tuseme, basi yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na tukaendelea kuulizana chumvi, mfungaji mizigo mkubwa we, mzigo wangu umeufunga imara nisipate shida safarini, umefikiria mpaka vidole vyangu visichomwe, halafu mdomo wa kuniambia mke wangu nenda, au mke wangu twende, au mke wangu kaa, huna, umempa dada yako aje aniambie huku namsuka.

Hasira yangu sasa imehama, imetoka kwa huyu maskini aliyeinamisha shingo hapa akidhani nitampiga na kitana, imekwenda moja kwa moja mpaka kwenye lile benchi, na bado nyingine imebaki, imenirudia mwenyewe, maana mimi nimefanya nini cha tofauti, yeye kaficha tiketi, mimi nimeficha mashine, sote wawili tumepita mbele ya ile kalamu vichwa chini... kwa hiyo hapana, wifi, sitapanda basi lako kama mzigo uliofungwa waya, na nikibaki sitabaki kwa kufulia mtu maji safi, hayo mawili yote mtayakosa, nitamaliza msuko huu, nitaacha iliyobaki, utanisamehe, ujifunge kitambaa unisubiri, nitakwenda getini kwa miguu yangu na mafuta haya haya mikononi, kabla ya saa kumi, wakiwa wamejaa benchi zima, nitamwambia mlinzi fungua daftari, nitamwambia huyo bwana mbele yao wote, simama, njoo hapa, jina lako hili, namba yako hii, safu ya kutoka hii nyeupe, saini, saini kwa mkono wako tutoke wote wawili, tukate tiketi ya tatu, au niambie usoni kwamba hutoki, kwa mdomo wako, sio wa dada yako, wacheke wakitaka kucheka... "Wifi," anasema, sauti ndogo, "mbona umenyamaza? Msuko umeuacha?" Sijauacha, matawi ni yale yale matatu, kidole ni kile kile, saa ukutani haijafika hata nane na robo, "Tulia kichwa," namwambia, naye anatulia... na akikataa, akiniangalia kwa yale macho yake ya hakuna kitu, basi kalamu nitaishika mimi, uzi wake ni mrefu wa kutosha, nitaandika jina langu chini ya jina lake, nitajaza saa ya kutoka, nitatia sahihi, maana na mimi niko humo ndani miezi saba, na hata kuingia sikusaini.