Cheti cha Gracieuse

...na kwa nia ya nani, ndilo swali, nalisikia kila mtu anapofika mezani, Alain, kijana wa parokia anayeandika vyeti vya hija, anainua kichwa, kalamu iko juu ya karatasi, anauliza, Niandike jina gani, na umetembea kwa nia ya nani, watu wanajibu upesi, jibu walikuwa nalo tayari tangu siku ya kwanza, kwa nia ya mtoto wangu afaulu mtihani, kwa nia ya karatasi zangu za ukimbizi, kwa nia ya mama aliyebaki Bujumbura, na mimi bado watu watatu, hapana, wanne, yule mzee ameketi kwenye kiti lakini yuko kwenye foleni pia, miguu yake iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, foleni ikisogea anasogeza kiti, halafu anasogeza beseni, maji yanamwagika sakafuni, hakuna anayemwambia kitu, baada ya siku nne barabarani nani ana nguvu ya kumwambia mwenzake kitu... ukumbi wa parokia unanuka dawa ya misuli na chai ya maziwa, dirishani naona mteremko wote wa Berea hapa Durban, mapaa, halafu winchi za bandari, halafu bahari, iko pale tu, na mimi naangalia miguu yangu ndani ya ndala, vidole viwili vimefungwa plasta, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, itang'oka wiki ijayo, naiangalia vile ninavyoangalia simu ya mteja iliyopasuka kioo, najua tatizo liko wapi, hainiumi mimi, miaka kumi na minne natengeneza simu, sasa pale sokoni Warwick, nimezoea kuangalia vitu vya watu vilivyovunjika... kadi yangu ina mihuri tisa, kamili, kutoka kule milimani nyuma ya Pietermaritzburg mpaka hapa, kilomita tisini na kitu, sikuruka hata moja, siku ya pili kwenye mvua gari la mizigo lilisimama kando yangu, dereva akasema, Papa, panda, unachechemea, nikasema hapana, akasema, Nani atajua, kweli, nani angejua, mke wangu Gracieuse yuko chini ya udongo tangu mwezi wa tatu, lakini nikasema hapana, akaondoka, nikabaki na mvua yangu...

Cheti si changu, ndiyo shida, njia yenyewe haikuwa yangu. Nadhiri ni ya mke wangu, aliiweka mwaka ule nilipoenda Cape Town, nilimwambia miezi mitatu tu, nifanye kazi kwenye duka la simu la rafiki kisha nirudi, ikawa miaka miwili, kwa sababu ya Valérie, mama wa Lubumbashi aliyekuwa anauza nguo dukani jirani, sitaki kusema ni shetani, shetani gani, nilimpenda, nikahamia kwake, nikaacha kupiga simu Durban, mwanzo kila Jumapili, halafu mara moja kwa mwezi, halafu basi, na Gracieuse akaenda mbele ya sanamu ya Mama Maria akasema, Mume wangu akirudi nyumbani, nitatembea ile njia yote kwa miguu yangu kukushukuru. Nikarudi. Alhamisi, mvua, nimesimama mlangoni na begi moja, akafungua, mikono imejaa unga, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, Mama Maria amenisikia, halafu akasema, Vua viatu, unalowesha nyumba. Hakuuliza lingine. Sikusema lingine. Ningesema nini, kwamba Mama Maria hakufanya kitu, aliyenirudisha ni fundi wa vitasa, nilitoka kazini saa sita mchana, maana umeme ulikatika dukani, nikakuta ufunguo wangu hauingii, Valérie akatoka na begi langu limefungwa vizuri, hata shati la kazi amelipiga pasi, akasema, Mume wangu anafika Jumamosi, usinifanyie fujo mbele ya majirani, na sikufanya fujo... mke wangu akaishi miaka sita na muujiza wake, kila mwaka anasema, mwaka huu nitatembea, na kazi ya saluni haimpi ruhusa, halafu miguu ikaanza kuvimba, halafu figo, halafu kitanda cha hospitali, akanishika kidole hiki kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima, akasema, Athanase, ile njia yangu, uitembee badala yangu, usiniache na deni la nadhiri, nikasema ndiyo, ungesema nini wewe, nikasema ndiyo, na siku nne nzima nimemshukuru Mungu kwa kazi ya fundi wa vitasa, rozari baada ya rozari, kupanda, kushuka, na sasa huyu kijana ataniuliza kwa nia ya nani, nitasema Gracieuse, ataandika kwa mwandiko wake mzuri, na karatasi itasema uongo, si yeye aliyekosea, ni mimi...

Mbele kuna kitu, Alain anabonyeza muhuri kwenye karatasi, anabonyeza tena, anaugeuza anauangalia, anasema, Jamani, wino wa muhuri umekwisha, mnivumilie kidogo, naenda kutafuta sakristia, anatoka na kalamu yake sikioni, mtu nyuma anasema eish, mzee wa beseni anafumba macho, na Mama Libérate aliye mbele yangu anageuka. Tulitembea naye siku nne bila kuongea sana, ni Mrundi, wa saluni, kiti chake kilikuwa karibu na kiti cha Gracieuse, anasema, Papa Athanase, miguu? Nasema, Iko. Anasema, Mimi pia cheti changu nitasema ni kwa nia yake, usikasirike, na mimi nafikiri, vyeti viwili, marehemu mmoja, vitatundikwa wapi, nauliza tu, Kwa nini na wewe? Anaangalia mlangoni, Alain haonekani, anasema, Kwa sababu nilimcheka, siku ile ya simu. Simu gani? Ananiangalia, ananiangalia vizuri sasa, anasema, Hakukuambia? Simu gani, mama? ...mama wa jikoni anapita na birika, Sugar, baba? natikisa kichwa, sijui nimekubali au nimekataa, ananiwekea vijiko vitatu, kikombe kiko mkononi mwangu, na Libérate anaongea polepole, anasema, Ile simu ya Cape Town, Jumanne ile kabla hujarudi, nilikuwa namsuka Gracieuse, simu yake ikalia, mikono yake imeshika kopo la mafuta, akaniambia weka sauti ya nje, nikaweka, ni mwanamke, anasema, Mama, mimi ni Valérie, mume wako nimemtoa leo, sijui anaenda wapi, nimekuambia tu ili usifikiri amekufa. Akakata. Hivyo tu.

...chai ni moto, inanichoma vidole, nashikilia tu... Jumanne, alijua tangu Jumanne, mimi nimefika Alhamisi nimetengeneza uso wa mtu aliyejuta, njia nzima ndani ya basi nilikuwa naufanyia mazoezi ule uso, na yeye amefungua mlango anajua kila kitu, kufukuzwa, jina, miaka sita nimelala kando yake nimebana siri kama mtu anayebana pumzi, kila akisema muujiza mimi naangalia ukuta, nilimwonea huruma, Mungu wangu, nilimwonea huruma kwamba hajui... nasema, Na bado akaita muujiza? Libérate anasema, Ndiyo maana nilimcheka, Papa, nilimwambia, Gracieuse, wewe utatembea kilomita zote hizo kwa ajili ya mtu aliyefukuzwa? Mtu aliyefukuzwa si amefukuzwa tu, Mungu ameingia wapi hapo? Na yeye akacheka pia, kichwa nusu kimesukwa, akasema, Ma chère, wanaume wangapi wanafukuzwa, na wangapi wanarudi nyumbani? Wanaenda Joburg, tunasikia tu wameoa tena huko. Nilimwomba Mama Maria arudi, sikumwomba asifukuzwe. Ngoja tuone huyu anaenda wapi. Alhamisi usiku akanipigia, hakusema hata bonsoir, akasema, Libérate, amekuja hapa... na Libérate anageuka tena mbele, amemaliza, anakuna shingo, na mimi nabaki na mgongo wake, koti lake la mvua lenye jina la parokia, herufi moja imebanduka...

Wanaenda Joburg. Hardy yuko Joburg, binamu yangu, alikuwa ananiita mwaka mzima, Njoo, kazi iko, chumba iko, Durban umeshaharibu, utarudi na uso gani, na siku ile nilimpigia kutoka kituo cha mabasi, nilikuwa nimesahau hilo, hapana, sikusahau, sijawahi kuliangalia tu, nilimpigia na akasema, Bon, panda basi la saa nane, asubuhi nitakungoja, na basi la saa nane lilikuwa pale, mlango wazi, viti vingi vitupu, dereva anakula chungwa, la Durban lilikuwa saa kumi na mbili jioni, saa nne nzima nilikaa kwenye benchi ya chuma na begi kati ya miguu, nikaliona la Joburg linafunga mlango, linarudi nyuma, linatoka, sikusimama, sikuomba, sikufikiri habari ya Mama Maria wala ya Gracieuse, njaa tu, na aibu, nilijiambia sina pa kwenda, miaka sita nimejiambia sikuwa na pa kwenda ndiyo maana nilirudi, na Hardy alipiga mara tano sikushika... Alain bado hajarudi, kiti chake kitupu, karatasi ya mtu iko mezani inangoja muhuri, mzee amelala kabisa, foleni haijasogea hata hatua moja, kikombe kimepoa mkononi mwangu, na kabla lile basi la saa nane halijaondoka nilishakuwa nimeenda kwenye dirisha la tiketi, hela ilikuwa inatosha pote pawili, yule binti nyuma ya kioo hakuinua kichwa, akasema, Where to, na nikasema Durban, sauti ilitoka yenyewe, akauliza tena maana kulikuwa na kelele, nikainama mpaka mdomo ukagusa kioo, nikasema Durban, dada, Durban.