Tableti Haina Kaka

Tableti ya utafiti wa afya ilimchagua Maka ahojiwe. Nyumba ina watu tisa, lakini kidude kile kisicho na haya kiliwaruka bibi, mashemeji na wapwa, kikamwangukia mtoto wa mama mkubwa wa Lupe, mhojaji mwenyewe. Na huku kisiwani Vava'u mtoto wa mama mkubwa ni kaka, hakuna mjadala. Kaka na dada hawaangalii hata sinema ya mabusu chumba kimoja. Mmoja atainuka atoke.

Orodha ya maswali ilianza vizuri: presha, sigara, chumvi. La kumi na nane lilitaka kujua mtu amelala na wangapi mwaka huu.

"Simuulizi," Lupe alimwambia msimamizi wake, Penisimani, wakiwa uani, nguruwe wakipita miguuni mwao.

"Utamuuliza. Tableti haina kaka."

"Mimi ninaye. Muulize wewe, mwanamume mwenzake."

"Mimi ni bosi, siulizi watu. Wiki hii umeshakosa nyumba mbili. Kosa na hii uone, kesho utarudi sokoni kuuza magimbi ya mama yako. Na dada yangu akipiga leo kutoka ofisini kuuliza kama mnaridhika na kazi, useme tano kwa tano, kama kawaida yako."

Lupe alimchukia kwa moyo wake wote. Angekuwa mgeni, angemsamehe. Lakini huyu alizaliwa hapa hapa, kila Jumapili anajifunga mkeka wa heshima kiunoni, kama mila inavyotaka, kwenda kanisani, na alijua vizuri anachomtuma. Hizo nyumba mbili, moja walimfungulia mbwa, ya pili wakamwita mmbea wa serikali. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Alivumilia, kwa sababu kazi yenyewe aliipenda. Alipenda kumfunga bibi kizee kipimo cha presha na kumwambia, "Uko salama." Kazi hiyo ndiyo aliyotaka Penisimani kumnyang'anya.

Maka alichungulia dirishani. "Lupe! Mbona umesimama nje kama mdai? Ingia!"

"Nakuja, kaka."

Simu ikalia. Alikuwa Siutaisa, dada mkubwa wa Penisimani, tumbo moja.

"Mdogo wangu, hujambo? Haya, moja mpaka tano, kazi inakuridhisha kiasi gani?"

Lupe aliiweka simu kwenye spika, akaipeleka mpaka usoni kwa msimamizi wake.

"Kabla sijajibu, da Siutaisa. Penisimani yuko hapa. Anasema si vibaya dada kumuuliza kaka yake swali la kumi na nane. Hebu anza wewe, muulize yeye."

Siutaisa alilijua swali hilo, ndiye aliyewafundisha.

"Penisimani?" sauti iliita polepole.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Penisimani alirudi nyuma mpaka akakanyaga makombo ya nguruwe. "Zima hiyo simu, mwanaharamu wewe!" alifoka, kisha akajishika mdomo, maana na tusi hilo dada yake alikuwa amelisikia.

"Lete tableti," alinong'ona. Aliipokonya, akaingia kwa Maka kichwa chini, bila hata kubisha hodi.

"Lupe," Siutaisa alisema, bado yumo kwenye simu, "hujanijibu bado."

"Andika tano, dada. Wiki zote zile nilikuwa nakudanganya. Ya leo ni ya kweli."