Kadi ya Siku Saba

Anselmi aliijaza kadi nzima siku ya saba, kwa kalamu moja, kwa mkupuo mmoja, amekaa juu ya robota la vitenge dukani kwake. Homa: hakuna. Uvimbe: hakuna. Maumivu: hakuna. Mwongo mkubwa! Jioni ya pili baada ya sindano alikuwa ametetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia, kipimajoto kikasoma thelathini na tisa, na kuvaa shati ikawa shughuli.

Na si kwamba hakuelezwa. Sista Clotilda, nesi wa utafiti, aliwakalisha chini yeye na wenzake wa kundi la kwanza. Chanjo hii ya majaribio ya UKIMWI imetengenezwa kwa vinasaba, haina kirusi hai, ila ikiingia peke yake mwili hauishtukii. Ndiyo maana inachanganywa na kichocheo, dawa ya kuamsha kinga. "Nyinyi mnapata kichocheo kidogo," alisema. "Msipoumwa wengi, kundi la pili tunawaongezea. Kwa hiyo jazeni kadi kila siku, na homa ikipanda pigeni simu, gari litakuja."

Gari! Hapo ndipo palipomshinda. Gari jeupe lenye neno UKIMWI ubavuni, lisimame mbele ya duka la Mchaga katikati ya Kariakoo? Miaka hiyo ya soko huria kila mtu alikuwa na duka, na kila mwenye duka alikuwa na mdomo. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungesema Anselmi kakanyaga miwaya, kaungua, ana virusi. Akameza panadol, akajifunika blanketi, akamwambia mkewe Angelina ni uchovu wa kushusha mizigo.

Angenyamaza basi! Wapi. Alikwenda kujisifu kwa Seifu, muuza vyombo wa duka la pili, jirani yake wa miaka tisa. "Wewe mtu wa Yanga utaiweza sindano? Mimi hata mafua sikupata." Seifu akacheka, akaenda kujiandikisha. Wakamweka kundi la pili.

Siku ya tatu baada ya Seifu kuchomwa, mlango wa duka lake ulikuwa nusu wazi na hakuna anayeuza. Anselmi akaingia. Alimkuta nyuma, katikati ya maboksi ya chupa za chai, kajikunyata, midomo imekauka, anahema. Kadi yake ilikuwa sakafuni. Siku ya kwanza: hakuna. Siku ya pili: hakuna.

"Seifu! Mbona hukupiga simu?"

"Nisamehe, kaka." Meno yalikuwa yanagongana. "Wewe hukuumwa. Nikaona nikisema nitakuaibisha wewe uliyenipa moyo. Mwili wangu tu ndio legelege."

Kuombwa msamaha, yeye! Heri angetukanwa. Anselmi akapiga magoti pale chini.

"Si legelege. Niliumwa, Seifu. Thelathini na tisa. Niliandika uongo."

Seifu akamkodolea macho. Alipoona Anselmi anatoa simu, akanong'ona, "Usiite gari. Watu..."

"Watu wataniona mimi."

Gari lilikuja, na maandishi yake yote. Wapagazi wakatua mizigo, wauza soksi wakasogea. Sista Clotilda akampima Seifu, akamtundikia dripu harakaharaka. "Atapona, Mungu akijalia. Lakini tumechelewa siku mbili."

"Sista, na kadi yangu ni ya uongo. Niliumwa."

Clotilda akageuka polepole. "Wenzako wawili waliandika homa. Wa tatu angetusimamisha, tusingeongeza kichocheo. Wa tatu ni wewe?" Hakungoja jibu. Alishika simu palepale: watu kumi waliokuwa wachomwe kesho asubuhi wasiguswe.

"Nani kaungua humo?" sauti ikauliza kutoka kwenye kundi la watu, na vicheko vikafuata.

"Hakuna aliyeungua!" Anselmi akapaza sauti, jasho likimtoka. "Ni chanjo ya majaribio. Nimechomwa mimi kwanza, nikaumwa, nikaficha. Huyu anaumwa kwa sababu yangu!"

Vicheko vikakatika. Seifu alikuwa mlangoni mwa gari, miguu haimbebi. Anselmi akamnyooshea mkono ampandishe. Seifu akautazama ule mkono, akaupita, akashika chuma cha mlango, akapanda mwenyewe.