Mbegu Zilizogeuka Kimea

Sijaona hakuwa mchoyo, ingawa majirani walimwita hivyo. Alikuwa anapima tu. Nyumbani kwake, karibu na Kitangari, unga ulipimwa kwa kibaba, chumvi kwa ncha za vidole na maji kwa kata. Maji hasa. Huku juu Makonde hakuna mto wala kijito. Mwanamke anayetaka maji anateremka genge, ule mteremko mkali, mpaka bondeni, kisha anapanda nayo kichwani. Kwa hiyo maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, na yaliyoosha vyombo yalimwagwa kwenye mpapai nyuma ya jiko. Mume wake, Sadallah, alinawa uso kwa maji ya kiganja kimoja na hakulalamika.

Asingelalamika hata kama angetaka. Alikuwa ameoa hapo. Kwa desturi ya huku mwanamume huhamia kwa mke, na nyumba, shamba na ghala ni vya mke. Mume mwenye akili haingii ghalani bila kuitwa, na jikoni haulizi maswali.

Vita vilipopita Masasi, watu wa huku juu wengi hawakupigana, lakini hilo halikuwasaidia. Askari wa Wadachi walipanda wakitafuta waliokimbia, wakachukua kuku, wakachukua mtama wa ghalani, na walipotoka wakang'oa hata masuke ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga yapate moshi. Sijaona hakulilia kuku. Alililia yale masuke. Mtama wa kula ukiisha unachimba mizizi ya ming'oko porini, unakausha mihogo, unakaza nguo tumboni. Mbegu zikiisha, mwaka unaofuata hauna kitu.

Sadallah alikuwa na mizinga ya nyuki porini, na nta haikuonekana na askari. Aliyeyusha yote akafanya madonge, akajiandaa kwenda Nanganga, ambako wachuuzi wa njia ya Lindi walikuwa wameanza kupita tena. Sijaona alimpa maagizo kama anayemtuma mtoto. Ale mihogo kwanza kabla ya kufika kwa mchuuzi, maana mwenye njaa hununua vibaya. Asinunue unga, kwa sababu ndani ya unga huwezi kujua kimesagwa nini. Asiangalie mtama wa juu ya gunia. Aingize mkono mpaka kwapani atoe wa chini. Aung'ate, aunuse. Na apimiwe kwa kibaba cha nyumbani, ambacho Sijaona alikifunga mwenyewe kwenye mzigo wa mumewe.

"Na kitambaa usinunue," alisema mwisho. "Hata kikiwa kizuri. Hata ukiniona mimi ndani yake."

Mchuuzi aliitwa Mohamedi, mtu mnene mwenye maneno mengi. Aliisifu nta, akamsifu Sadallah, akafungua mfuko wa unga mweupe. Akamwambia kwamba mke asiyetwanga hulala na furaha, apeleke unga apendwe.

"Ananipenda tayari," Sadallah akasema. "Anachotaka ni mtama."

Akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza. Chini kulikuwa na unyevu na harufu ya kisima kibovu. Akautoa mkono, akaenda gunia la pili. La pili lilikuwa jema, punje ngumu, kavu. Mohamedi akachukua kipimo chake, Sadallah akatoa cha kwake.

"Kibaba changu kina nini?"

"Kitako kimenenepa. Kinakula kabla yetu."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na Mohamedi naye akacheka kidogo, kwa sababu angefanya nini. Akapima kwa kibaba cha Sijaona.

Sadallah angeweza kuanza safari ya kurudi siku ileile. Lakini Nanganga alikuwa na dada, Siti, mdogo wake, na huwezi kupita mlango wa dada yako na mtama begani. Hakukuta mlango. Nyumba ilikuwa imeungua, na Siti alikuwa amejenga kibanda cha majani ubavuni mwa ukuta uliobaki. Mume wake alichukuliwa kubeba mizigo ya askari na hakurudi. Watoto wake wawili walikuwa wamekaa kimya namna ambayo watoto hawakai. Siti akamwamkia kaka yake, akamwekea ubao akae, akaomba radhi kwamba hana cha kumpikia.

Kwa watu wetu mjomba ndiye mzee wa watoto wa dada yake. Wakilala njaa, aibu ni yake kabla haijawa ya baba yao. Sadallah alijua anatakiwa kugawa mtama. Alijua pia kwamba akiugawa, nusu haitatosha kule na nusu haitatosha huku, na mbegu zitaliwa pande zote mbili. Alikaa na gunia mapajani muda mrefu. Mwisho akamwambia Siti afunge mkeka wake, wanapanda wote kwenda kwake huko juu.

Siti alikataa kwanza. Dada wa mume kwenda kuishi katika uwanja wa mke wa kaka yake ni jambo linalosemwa. Atakula cha nani? Atapika kwenye jiko la nani? Sadallah alimbeba mtoto mdogo akaanza kutembea, na mama akalazimika kufuata.

Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia mkewe. Aliyapanga vizuri, mpaka yakawa na mwanzo na mwisho. Walipofika, Sijaona alikuwa anaanika mihogo na binti yake Kurwa. Akaliangalia gunia, akamwangalia Siti, kisha akaiangalia miguu ya wale watoto kwa muda mrefu zaidi.

"Shikamoo wifi," Siti akasema.

"Marahaba. Mbona mmesimama juani? Jiko liko kivulini."

Sadallah akaanza maneno yake. Sijaona akamwambia anyamaze ashushe mzigo. Baadaye, watoto walipokuwa wamelala, alimwambia kwamba angewaacha kule angemrudisha usiku uleule. Sufuria mbili zinataka kuni mara mbili, na kila sufuria hubakiza ukoko wake. Sufuria moja kubwa ikiongezwa kata moja ya maji inalisha wote. Alisema hivyo tu, mambo ya kuni na ukoko. Lakini Sadallah alimwona alivyomfunika yule mtoto mdogo kwa kaniki yake mwenyewe.

Kesho yake, Siti akiwa porini akichimba ming'oko, Sijaona alimwaga mtama wote kwenye ungo akauchagua. Punje nene, zisizo na tundu, aliziweka kando kwa ajili ya mbegu. Chache alizifunga kwenye tambara bichi karibu na moto kuona kama zina uhai, na zilipotoa mizizi, akaridhika. Kwa kawaida mbegu hubaki kwenye masuke yake juu ya moshi. Lakini hizi zilinunuliwa zimekwisha pukuchuliwa. Akazichanganya na majivu kuzuia fukusi, akazitia kwenye chungu, akakifunika kwa kigae na kukisukuma kwenye kona ya jiko. Mtama uliobaki uliliwa kidogokidogo, kiganja kimoja juu ya makopa ya mihogo na ming'oko, ili watoto waone kuna kitu.

Wiki zikaenda. Siti alichimba ming'oko kuliko wote na alikula kwa aibu kuliko wote, yaani alikula kidogo. Kila alipopewa alisema ameshiba. Sijaona akawa anamwambia, "Wifi, tumbo lako ni la nani, la kuku?" na anamwongezea. Taratibu Siti akaanza kujibu. Akamwambia wifi yake kwamba kwa kupima maji vile angeipima hata mvua. Wakawa wanataniana namna ya mawifi, na Sadallah akawa anakaa mbali, kwa sababu mwisho wa utani walimgeukia yeye.

Kisha kukawa na msiba Newala, kwa ndugu wa mama yake Sijaona. Akaenda na Kurwa, wakalala huko siku chache. Aliwaachia makopa ya kutosha, ila juu ya kile chungu cha kwenye kona hakusema neno. Nyumbani kwake kila mtu alijua ni cha nini. Alisahau kwamba Siti si wa nyumba ile.

Siti alikuwa akitafuta kwa siku nyingi kitu cha kumfanyia wifi yake. Akafagia jiko lote, akakikuta chungu cha mtama uliopukuchuliwa. Kwao mbegu ni masuke. Usipoona masuke, huo ni mtama wa kula. Akaona majivu, akafikiri umehifadhiwa usiliwe na fukusi. Akakumbuka kwamba mtu anayetoka msibani hupenda uji mtamu, na uji mtamu unataka kimea, yaani mtama ulioloweshwa ukachipua. Akauosha mtama wote, akauloweka kwa maji yote ya mtungi, akauchuja na kuufunika kwa majani katika kikapu mahali penye joto. Sadallah alikiona kikapu akadhani ni ming'oko.

Sijaona aliporudi alikuwa amechoka. Siti akamkaribisha kwa furaha, akamkalisha, akafunua majani amwonyeshe. Punje zote zilikuwa zimetoa vimkia vyeupe.

Sijaona aliangalia kwenye kona. Akaangalia tena kwenye kikapu. Kisha akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kwenye majivu.

"Wifi," akasema polepole. "Hizo ndizo mbegu."

Siti hakulia. Alisimama, akaanza kukunja mkeka wake. Aliwaita watoto wake wavae. Sadallah, aliyekuja aliposikia kimya, alisimama mlangoni asijue amshike nani. Mvua ilikuwa bado. Kimea hakirudi kuwa mbegu. Kingeanikwa na kutwangwa, wangekula uji mtamu kwa siku kadhaa, wote washibe, na baada ya hapo mvua ingenyesha juu ya shamba tupu. Nta ilikuwa imeisha na nyuki huwezi kuwaharakisha.

"Unakwenda wapi?" Sijaona akauliza.

"Nimekumaliza, Mama Kurwa. Niache niende kabla hujanichukia."

"Nikikuchukia nitakuambia. Weka mkeka." Akapangusa uso kwa mkono wenye majivu, akauharibu zaidi. "Kosa la nani? Mimi nilifunga mdomo. Weka mkeka, wifi, nisaidie kufikiri. Nimechoka, sitaki kufikiri peke yangu."

Wakakaa pande mbili za kikapu. Siti alizishika zile punje, akazigeuza kiganjani kama mtu anayeangalia jino la mtoto. Akauliza kule wanakoteka maji kukoje. Ardhi ikoje chini ya chemchemi? Ni nyeusi? Inashika mguu?

Akaeleza kwamba kwao, karibu na Lukuledi, mpunga huatikwa kwanza mahali penye maji, kisha miche hung'olewa na kupandwa shambani. Mwaka mmoja mto ulipojaa na kuchukua mashamba, mama yake aliatika mtama namna hiyohiyo, na ukakubali. Sadallah akasema mama yao alifanya mambo mengi, naye hakumbuki hilo. Siti akamwambia yeye siku zile alikuwa anafukuza nyuki, angekumbuka nini. Sijaona akacheka, cheko fupi lililomshtua mwenyewe.

Hawakungoja. Watoto walikuwa wanakiangalia kikapu, na harufu ya kimea ni tamu. Sijaona aliwapikia kibaba kimoja cha kile kimea wale usiku huo. Alisema uwongo wa mama, kwamba ni zile punje zilizovunjika, zisizoweza kupandwa. Alfajiri walishuka genge na kilichobaki. Chini kidogo ya mahali pa kuteka, ili wasichafue maji ya watu, Siti alikuta tope jeusi. Akalichezea kwa vidole vya miguu, akaridhika. Wakalima vijituta, wakapanda, na Sadallah akazungusha miiba kuzuia nguruwe.

Wanawake waliokuja na mitungi walisimama kutazama. Watu wa juu hawalimi bondeni. Tangu zamani bondeni ni pa kuchota na kukimbia.

"Mama Kurwa," mmoja akasema, "umechoka kupanda mlima, sasa umeamua kuhamia kisimani?"

"Nimeleta wifi alinde maji," akajibu. "Nyie mnachota bila kupima."

Tangu siku hiyo kila safari ya maji ilikuwa safari ya shamba, bila hatua ya ziada. Mitungi ikijaa wanapalilia, wanapalilia wakizungumza. Miche ikaota myembamba, kisha ikapata rangi.

Mvua ilikawia. Ilipokuja ilikuja kubwa, na walishuka ingali inanyesha. Siti aling'oa miche na udongo wake, akaifunga kwa majani mabichi, wakaipandisha genge vichwani mahali pa mitungi. Mingine ilivunjika njiani. Mingine ilikuwa dhaifu, na mahali pake palibaki wazi mpaka wakapachomeka mihogo. Lakini ilipofika jioni sehemu kubwa ya shamba ilikuwa na mistari ya kijani, na wale watoto wawili walikuwa wanateleza kwenye matope na Kurwa wakipiga kelele, kelele nyingi, za kumuudhi mtu.

Siti akasema kwamba sasa mvua imeshuka anaweza kurudi Nanganga, asiendelee kuwa mzigo. Alisema akiwa ameinama, akishindilia udongo kwenye shina.

Sijaona alitembea mpaka katikati ya shamba, shamba la mama yake na la bibi yake, ambalo hakuna mwanamke wa ukoo mwingine aliyewahi kushika jembe humo kwa jina lake. Akavunja kijiti, akakichomeka ardhini.

"Kuanzia hapa mpaka kichakani ni kwako," akasema. "Palizi lake usiniombe nikusaidie."

Siti alikitazama kile kijiti, mvua ikimtiririka usoni. Kisha akamwambia wifi yake kwamba amekichomeka upande, mistari ya chini imekuwa mifupi.

"Basi kisogeze," Sijaona akasema, akamwachia jembe.