Jogoo wa Kumkomboa Mama

Nilimwita Yordani mwizi mbele ya mtaa mzima, tena si mara moja. Nikamwita fisi, nikamwita mla pilau za watu, na mwiko nilikuwa nao mkononi. Sijutii, maana ni mtani wangu na kumtukana ni haki yangu. Lakini kila nikiikumbuka siku ile moyo unanijaa shukrani mpaka nashika kanga nifute macho, na mimi Mwantumu si mtu wa kulialia ovyo.

Kwanza niwaeleze huu utani wetu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu. Babu yake Yordani alikuja huku Hale kukata mkonge, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa hapa, ila utani haukuzikwa naye. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akabeba sufuria na mboga ikiwa ndani, na wewe huruhusiwi kununa. Ukiitaka, unaikomboa kwa kitu anachokitaja yeye. Ukinuna, watu watakucheka mpaka uhame.

Kazi ya Yordani ni kusoma kipimo cha maji. Pale darajani kuna ubao mrefu wenye namba, umesimikwa mtoni. Kila asubuhi na jioni anaangalia mto Pangani umefika namba ngapi, kisha anawapigia simu ofisini. Kazi ya heshima, ila kaiharibu mwenyewe. Idi ya mwaka jana alikuja mbio mtaani kwetu kule bondeni, viatu mkononi, anapiga kelele, "Maji! Maji yamevunja kingo!" Tukakimbia na watoto migongoni. Kurudi, tukamkuta barazani kwangu na rafiki yake Castory wanakwangua ukoko wa pilau. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo akitaja maji, hata watoto hawanyanyuki.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, redio ikaanza: kuna kimbunga baharini, kinakuja pwani. Kimepewa na jina kama mtoto wa watu! Kila taarifa ya habari tunaambiwa kimefika wapi na kimebakiza kilomita ngapi. Mpwa wangu Faraji, anayekaa Pangani mjini, akapiga simu kusema vyombo vyote vimevutwa nchi kavu na maduka yamefungwa. Jirani yangu Shamimu alikuwa na picha kwenye simu, duara jeupe lenye tundu katikati. Tuliliangalia kila baada ya sala, kila mtu anapima kwa kidole. "Jana lilikuwa hapa. Leo lipo hapa. Mama yangu wee!"

Hofu yangu ilikuwa moja tu: mama. Bibi Maryamu, kama walivyomwita wote, alikuwa amepita miaka themanini. Alianguka kisimani, nyonga ikavunjika, na tangu hapo alikuwa mtu wa kitandani. Kumgeuza tu analia. Nikaapa kwamba kije kimbunga, zije radi, mama hahamishwi.

Kwa hiyo nikajiandaa. Nilitafuta kamba za katani, na kamba za katani huku kwetu hazikosekani, nikalifunga paa kwenye nguzo na kwenye vigingi vilivyochimbiwa ardhini. Kitanda cha mama nikakisogeza mbali na dirisha. Nikaingiza kuni ndani, nikasaga unga, nikajaza ndoo zote. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, nyundo na kamba kutwa nzima. Wote tulijiandaa kwa upepo na macho yetu yalikuwa baharini. Mto hakuna aliyeuwaza.

Upepo ukaja Jumamosi alasiri. Bati zikalia, mpapai wa Shamimu ukalala chini, mimi nimemkumbatia mama tunasoma dua. Paa langu likashika. Hadi kufika isha kumetulia. Jumapili asubuhi jua likatoka zuri, na redio ikatangaza kwamba kimbunga kimeishiwa nguvu. Shamimu akapiga vigelegele. Nikafungua madirisha, nikampelekea mama uji.

"Mama, yamekwisha."

"Alhamdulillahi," akasema, akanywa.

Nimetoka tu nje, Yordani huyo, amelowa hadi magotini, hata hodi hakupiga.

"Mtani, mtoe bibi. Mvua imenyesha milimani Lutindi usiku kucha na maji yote yanashuka huku. Mwenzangu wa Korogwe kanipigia, kipimo chake kimezama chote."

Nikatazama juu. Hata wingu hakuna. "Pole, baba," nikamwambia. "Leo pilau hatukupika, kuna uji."

Majirani wakaangua kicheko.

"Mwantumu, naapa kwa Mungu."

Miaka ishirini hajawahi kuniita kwa jina, daima ni mtani, mtani. Ningekuwa na akili ningeshtuka. Lakini nilimjibu, "Apa vizuri, na machozi utoe." Akageuka, akaondoka mbio. Nikasema huyo, kashindwa.

Haukupita muda akarudi na Castory, wanasukuma mkokoteni wa kubebea maji, juu wametandika godoro. Wakanipita kama hawanioni, wakaingia ndani.

"Shikamoo, bibi," Yordani akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekuja kukuteka."

"Mzee kama mimi? Utanifanyia nini?"

"Nitajua huko huko."

Wakashika pembe za shuka, wakamnyanyua. Mama akalia mara moja tu, kisha akauma kanga yake. Nikasimama mlangoni na mwiko. Yordani akanisukuma kwa bega, akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Wazigua! Bibi yenu nimemchukua! Anayemtaka aje na jogoo kule ghalani! Bila jogoo harudi!"

Hapo nilipandwa na hasira za kweli, si za utani. Ile nyonga! Mkokoteni unaruka kwenye mawe, mama anagumia, na mimi kwa mila zetu siwezi hata kumwita mjumbe. Nikawakimbilia huku nafoka, "Mwizi! Fisi wewe! Rudisha mama yangu!"

Na watu je? Nani atakosa utani kama ule? Shamimu aliacha maharage jikoni, wanaume wakaacha kahawa zao, watoto wakatufuata wakipiga makofi. Yordani naye hakunyamaza. Kila nyumba anayoipita anamtukana mwenyewe kwa jina. "Salimu, mke wako anapika kama anaua nyoka! Toka nje unijibu!" Salimu akatoka. "Awadhi, mvivu wewe, bado umelala?" Awadhi akatoka na msuli, mswaki mdomoni. Tukapanda mlima hivyo hivyo, mtaa mzima, vicheko na matusi, mpaka ghala la zamani la mkonge juu ya barabara. Siku ile nilidhani ana mdomo mchafu tu. Leo najua alikuwa anatutoa nyumba kwa nyumba.

Wakamlaza mama ndani ya ghala, penye saruji kavu. Nikanyanyua mwiko nimpige Yordani, na wallahi ningempiga. Ndipo tukasikia mngurumo kule chini, kama malori mengi yanapanda mlima kwa pamoja.

Maji yalikuja mekundu, yamebeba magogo na migomba. Yaliingia mtaani kwetu jua likiwa linawaka. Nikaliona paa langu, lile nililolifunga kwa mikono yangu, likiondoka zima na kamba zake zikining'inia. Chini yake ndipo kilipokuwa kitanda cha mama. Tukaanza kuitana majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa akaitika. Kila mmoja. Shamimu akaanguka kusujudu pale pale kwenye vumbi.

Yordani alikuwa ameketi chini, anatuhesabu kwa kidole. Mwiko ulinidondoka.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?" nikamuuliza, mjinga mimi.

"Nilikwambia, mtani. Ukasema kuna uji."

Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikasema, "Bado ni mwizi."

"Na jogoo wangu simwoni," akajibu. Jogoo alikuwa amekwenda na maji.

Tukajenga upya huku juu, kwa kusaidiana. Mama aliishi miezi saba. Kila Jumapili akitoka kanisani Yordani anapitia kwetu: "Mateka wangu hajambo?" Naye mama kutoka kitandani, "Sijambo, bwana wangu. Leo umeniletea nini?" Anamletea ndizi mbivu. Nikimpa jogoo nimkomboe mateka, anamkataa. Huyu mdogo. Huyu anakohoa. Huyu ana macho ya Kizigua. Mama anacheka mpaka anashika nyonga, na mimi mlangoni nahesabu kicheko kile kuwa riziki.

Alifariki Ijumaa asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Aliogeshwa, akavishwa sanda, ndugu walifika hadi kutoka Handeni. Wanaume walipoinua jeneza, wakasimama. Yordani alikuwa amelala kizingitini.

"Hatoki mtu hapa! Huyu bado ni mali yangu. Jogoo yuko wapi?"

Imamu naye Mzigua, anazijua mila. Akasubiri. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya kilio. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikamkamata jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Watu wakasogea wasikie safari hii atamtia kasoro gani.

Akamtazama jogoo. Akaketi pale kizingitini, jogoo kwapani, analia kwa kwikwi kama aliyefiwa na mama yake mzazi.

Nami tusi nililokuwa nimemwandalia likanipotea. "Asante, Yordani," nikamwambia. "Miezi saba. Asante."

Akafuta uso kwa mkono, akainuka na jogoo wake, akatupisha mama atoke.